Kipupwe hakiji kwa kuvizia

Kila mwaka, mvua za masika zikishamalizika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Taarifa husomwa redioni, mikoa ya Nyanda za Juu Kusini hutajwa kuwa itapata baridi kali kuliko mingine, wananchi hushauriwa kuvaa nguo nzito, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Baridi huja kama ilivyotabiriwa. Haupiti muda mrefu, habari za miaka yote zinaanza tena. Wanandoa na watoto wao wamekutwa wamekufa chumbani, pembeni kuna jiko la mkaa. Wodi ya watoto imejaa nimonia. Mzee aliyekuwa akiishi peke yake hajaonekana siku mbili, mlango umevunjwa, amekutwa ameshafariki.

Mafuriko yanaweza kuingia kijijini usiku mmoja, na tetemeko la ardhi halipigi hodi. Kipupwe kina miezi yake. Mkazi wa Njombe, Makete, Mufindi au Mbeya hahitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba Julai kutakuwa na baridi; alizaliwa akaikuta. Ndiyo maana vifo vya msimu huu vinauma kwa namna yake: vinatokana na jambo tunalolijua mwezi wake, kwa sababu tunazozijua, na vinawachukua watu tunaowajua kwa majina.

Baridi ya nyanda za juu

Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tambarare ya Kitulo wilayani Makete, ambayo tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa, inafika mita 2,600. Miezi hii upepo wa kusi huleta hewa baridi na kavu, mawingu hupungua usiku, na ardhi iliyopigwa jua mchana kutwa hupoteza joto lake kabla ya alfajiri. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama mabondeni. Kukipambazuka majani yamefunikwa na sakitu, na shamba la viazi lililokuwa kijani jana linasinyaa na kuwa jeusi kana kwamba limemwagiwa maji ya moto.

Wenyeji wana mbinu zao. Dereva wa bodaboda huvaa koti nyuma mbele ili upepo usipenye kwenye zipu. Mama muuza parachichi pale stendi amevaa sweta mbili, kitenge juu yake, na soksi ndani ya kandambili. Vijana hukusanya maboksi wakaota moto kando ya barabara wakisubiri mabasi ya kwanza. Kwa mtu mzima mwenye afya, koti na chai ya moto, baridi hii ni kero ya asubuhi tu. Mambo ni mengine kwa asiyeweza kujitoa nje kuota jua, asiyeweza kusema kwamba anasikia baridi, au ambaye mapafu, moyo au damu yake tayari ina matatizo.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa hatuna theluji, baridi yetu haiui. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la tiba la The Lancet uliangalia vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13. Ulikuta vifo vinavyohusishwa na baridi vilikuwa asilimia 7.29, wakati vya joto vilikuwa asilimia 0.42 tu. Tena sehemu kubwa ya vifo hivyo haikutokana na siku za baridi ya kupindukia. Ilitokana na baridi ya wastani, ile inayokaa wiki nyingi na ambayo watu huipuuza. Tanzania haikuwamo katika nchi hizo, lakini somo linatuhusu, kwa sababu baridi ya wastani ndiyo tuliyonayo.

Kinachoamua zaidi ni hali ya ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 msimu wa baridi. Nyumba ya bati isiyo na dari kule Makete, saa kumi alfajiri ya mwezi Julai, iko mbali sana na kiwango hicho. Hapo ndipo watu wanapoanza kuitafuta nafuu popote wanapoiona, na nafuu ya kwanza kuonekana ni jiko.

Jiko lisilo na moshi

Jioni mama amemaliza kupika nje. Mkaa umekolea, umekuwa mwekundu, moshi umekwisha. Kuumwagia maji ni hasara, na chumbani kuna baridi ya kukata mifupa. Jiko linaingizwa ndani, dirisha linafungwa, kitambaa kinasukumwa chini ya mlango. Watoto wanasogea karibu. Nusu saa baadaye chumba kimepata joto na kila mtu anapiga miayo.

Miayo hiyo huenda si ya uchovu. Mkaa unapoungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, na isiyowasha macho. Moshi ungewakimbiza, gesi hii inawaacha wamekaa. Ikivutwa huingia kwenye damu na kung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha. Kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu vinafuata, miguu inaisha nguvu. Aliye macho anaweza kutambua kuna jambo na bado akashindwa kuufikia mlango. Aliyelala haamki. Mjamzito yuko kwenye hatari ya watu wawili, maana gesi hiyo humfikia hadi mtoto aliye tumboni.

Imani zinazolizunguka jiko zinafaa kukanushwa moja baada ya nyingine. Mkaa uliokolea hauna usalama wowote wa ziada. Kukosekana kwa moshi ndiko kunakodanganya. Sufuria ya maji juu ya jiko haiondoi sumu. Kuyafunika makaa kwa majivu hakusaidii, kwa sababu yanaendelea kuungua polepole kwa hewa haba zaidi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea usiku kucha. Kanuni inayobaki ni kwamba chumba kipashwe mapema huku mlango ukiwa wazi, na jiko litoke nje kabla mtu wa kwanza hajafumba macho.

Ukiona watu wote wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, usikimbilie kusema ni malaria. Angalia jiko. Fungua milango, watoe wote, pamoja na yule anayesema yeye hana neno, kisha wapelekwe kwenye kituo chenye oksijeni.

Hapa pana jambo ambalo kampeni za nishati safi zinapaswa kulitazama vizuri zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema. Lakini nyanda za juu jiko lina kazi mbili, kupika na kupasha nyumba joto. Mtungi wa gesi unachemsha chai kwa dakika chache kisha unazimwa, haumwachii bibi joto la kulalia. Ndiyo maana nyumba yenye mtungi inaweza bado kuwa na gunia la mkaa stoo mwezi Julai. Anayegawa mitungi Njombe bila kuzungumzia joto la nyumba amefanya nusu ya kazi.

Saa za kwanza za kichanga

Mtoto anatoka kwenye tumbo lenye nyuzi joto 37, amelowa, anaingia kwenye chumba chenye baridi. Hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili atengeneze joto. Ngozi yake ni nyembamba, na kichwa chake, ambacho ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kinapoteza joto kwa kasi. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mwili unatumia sukari na oksijeni nyingi kujipasha, mtoto analegea, ananyonya kwa shida, na kwa kutonyonya anazidi kupoa. Kwa mtoto njiti, asiye na mafuta mwilini, mambo hayo hutokea kwa kasi zaidi.

Dawa ya kwanza haiuzwi duka lolote: ni kifua cha mama. Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliyekuwa na watoto njiti wengi kuliko inkyubeta alianza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo ndiyo leo inayojulikana hospitalini kwetu kama kangaruu. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulifuatilia watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mapema tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali yao itulie kwanza, walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Miongoni mwa waliosubirishwa walifariki asilimia 15.7. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wote wapate huduma hiyo.

Hatari huongezeka mama anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Safari yenyewe mara nyingi ni ya bodaboda, na kama ni asubuhi mapema, upepo unaokipiga kichanga kilichobebwa kwa mbele ni mkali kuliko baridi ya chumba chochote. Ni afadhali kusubiri jua lipande, mtoto akavalishwa kofia na soksi, akawekwa kifuani ndani ya nguo za mama, na koti likafungwa juu yao wote wawili huku uso wa mtoto ukipata hewa.

Nyumbani kuna suala la kuoga. WHO inashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite angalau saa 24 tangu azaliwe. Baada ya hapo aogeshwe mchana, kwa maji ya uvuguvugu, haraka, akaushwe kuanzia kichwani na avalishwe papo hapo. Anayeamua hayo katika nyumba nyingi si mama aliyejifungua. Ni bibi mzaa baba au mama mzaa chema aliyekuja kumlea mzazi. Muuguzi anayemfundisha mama peke yake kliniki, na kumwacha bibi nje kwenye benchi, atakuta ushauri wake umetenguliwa jioni hiyo hiyo.

Kipimo cha nyumbani ni mgongo wa kiganja. Gusa tumbo la mtoto, kisha nyayo zake. Vyote vikiwa na joto, yuko salama. Tumbo likiwa na joto na nyayo baridi, mtoto ameanza kupoa, awekwe kifuani na anyonyeshwe. Vyote viwili vikiwa baridi, ni safari ya hospitali, akiwa kifuani njia nzima. Wekundu wa mashavu usimdanganye mtu. Mtoto aliyepoa sana anaweza kuwa na uso mwekundu unaovutia.

Kuhesabu pumzi

Nimonia inasababishwa na vimelea, na baridi huvifungulia njia. Familia nzima inajifungia chumba kimoja, anayekohoa analala na asiyekohoa, na moshi wa kuni unazidhoofisha njia za hewa. Kwa mujibu wa WHO, kuvuta hewa chafu ya moshi wa majumbani kunakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa mtoto kupata nimonia. Mwaka 2019 ugonjwa huo uliua watoto wapatao 740,000 wa chini ya miaka mitano duniani, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo.

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina mzigo wake wa ziada. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, katika mkoa unaolisha miji kwa viazi, mahindi na matunda. Mtoto mwenye lishe duni hana akiba ya kupambana na nimonia. Vilevile Njombe ndiyo yenye kiwango cha juu kuliko mikoa yote cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima, asilimia 12.7 kwa utafiti wa 2022/2023. Kwa anayeishi na VVU, kipupwe si msimu wa kukosa dozi hata moja wala wa kuahirisha kliniki kwa sababu ya baridi ya asubuhi.

Kinga kubwa ipo na inatolewa bure. Chanjo ya nyumokokasi iliingia kwenye ratiba ya taifa mwishoni mwa 2012 na hutolewa mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Mzazi ambaye kadi ya mtoto wake ina nafasi iliyobaki tupu asiruhusu Juni imkute hivyo.

Zaidi ya chanjo, kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mvulie shati, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa, au mtoto anashindwa kunyonya, amelegea au ana degedege, usisubiri kuche. Amoksilini iliyoanzwa mapema huponya nimonia ya kawaida ya mtoto. Ikichelewa, linalotafutwa si dawa tena, ni oksijeni.

Mzee aliye peke yake

Makete na vijiji vya jirani vina mabibi wengi waliolea wajukuu baada ya UKIMWI kuwachukua watoto wao. Baadhi ya wajukuu hao sasa wamekua, wameenda Makambako, Mbeya au Dar es Salaam kutafuta maisha, na bibi amebaki na nyumba.

Mwili wa mzee una udhaifu usioonekana. Misuli imepungua, hivyo hata akitetemeka hapati joto la kutosha. Hisia nazo zimefifia. Anaweza kukaa kwenye chumba cha baridi kali bila kulalamika kwa sababu haisikii kama zamani. Wakati huohuo mishipa yake inajikaza, presha inapanda, damu inakuwa nzito, na uwezekano wa kiharusi au shambulio la moyo unaongezeka. Mgonjwa wa presha anayekatisha dawa kwa sababu tu anajisikia vizuri amechagua miezi mibaya.

Ukimkuta mzee anaongea kwa kuburuza maneno, amechanganyikiwa, anasinzia mchana au anayumba, usiseme ni uzee. Mguse tumboni au mgongoni. Kama ni baridi, mvue nguo zenye unyevu, mfunike pamoja na kichwa, mpe kinywaji cha uvuguvugu chenye sukari kama anaweza kumeza, na mtafute mhudumu wa afya. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, wala usimsogeze motoni ghafla. Pombe isiingie kabisa. Komoni na ulanzi huleta joto la ngozi kwa sababu hutanua mishipa ya juu, na kwa mishipa hiyohiyo joto la ndani hutoroka. Mlevi anayelala njiani Julai anapoa huku akijiona ana joto.

Moto wenyewe nao una majeruhi wake. Mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi huungua nyayo akiota moto, asijue mpaka anuse. Mwenye kifafa huanguka jikoni. Mtoto anayejifunza kutembea huangukia makaa. Kizuizi cha tofali au mbao kuzunguka moto, na mtu mzima mmoja aliyekabidhiwa kuangalia, vinaokoa viungo na maisha.

Waliopangiwa bweni la Julai

Wanafunzi wa kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Binti aliyekulia Mwanza au Tanga anapangiwa shule ya Njombe, anafika na tranka, mashuka mawili na sweta moja nyepesi ya sare, katika wiki ya baridi kuliko zote. Wengi watapata mafua na kuzoea. Mwenye pumu au selimundu hazoei.

Makadirio yanayotumika nchini ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, wengi wao wakitoka Kanda ya Ziwa na Pwani, ambako malaria imetawala kwa karne nyingi. Baridi hukaza mishipa, chembe za damu zenye umbo la mundu zinakwama, na maumivu ya mifupa yanaanza. Kutokunywa maji ya kutosha, jambo la kawaida kwenye baridi, huongeza tatizo. Mwanafunzi huyo anahitaji mablanketi mawili, maji ya uvuguvugu ya kunywa na kuoga, ruhusa ya kutotoka alfajiri kwenye baridi, na matroni anayejua kwamba hadekezwi. Mwenye pumu anahitaji dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwake, isifungiwe ofisini.

Shule za nyanda za juu ziandike mahitaji hayo kwenye fomu ya kujiunga, na mzazi asifiche ugonjwa wa mwanawe kwa kuhofia atakataliwa. Kama hali ni nzito, barua ya daktari ya kuomba kubadilishiwa shule iandikwe mapema, kabla mtoto hajapanda basi.

Joto la gharama nafuu

Nyumba za zamani za nyasi zilihifadhi joto la moto wa katikati, ingawa moshi wake ulikuwa na madhara. Bati limeleta usafi na paa lisilovuja, lakini usiku linapoteza joto upesi. Anayeweza kuweka dari aanze na chumba anacholala mzee au mtoto. Asiyeweza, viroba vilivyoshonwa pamoja na kutandazwa chini ya kenchi hupunguza baridi, ila visikaribie kabisa mahali pa moto.

Baridi nyingi ya usiku hutoka chini. Mkeka, maboksi yaliyokunjuliwa au majani makavu chini ya godoro vinaweza kusaidia kuliko blanketi la tatu juu. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa pamoja hutunza joto kuliko koti moja zito, na kofia ya sufi ya mtumba ina thamani kuliko bei yake. Chupa ya maji ya moto yasiyochemka, iliyofungwa barabara na kuviringishwa kitambaa, hupasha kitanda. Kwa mtoto mchanga iondolewe kabla hajalazwa.

Ziba nyufa zilizo upande wa kitanda, lakini usizibe nyumba nzima. Kila siku jua likitoka, fungua madirisha, toa magodoro yapate jua. Nyumba iliyofungwa mchana na usiku ni makao mazuri ya kifua kikuu, na atakayeambukizwa kwanza ni yule aliyekuwa akilindwa.

Kazi ya Mei

Hayo yote yanaweza kufanywa na familia yenye nguvu na taarifa. Tatizo ni familia isiyo na mojawapo, na hapo serikali ya kijiji na mtaa inahitajika. Inapotarajiwa mvua kubwa, kamati za maafa huitwa. Inapotarajiwa baridi, tunapewa ushauri wa kuvaa sweta.

Mkutano wa kitongoji wa mwezi Mei unatosha kutengeneza orodha ya ukurasa mmoja: wazee wanaoishi peke yao, wajawazito watakaojifungua kati ya Juni na Agosti, watoto njiti, wenye pumu, selimundu, moyo na kifua kikuu, watu wenye ulemavu wasioweza kukata kuni, na wanaolala stendi na barazani. Kila jina liwe na jirani mmoja wa kulipitia asubuhi na jioni. Blanketi, kuni na ukarabati wa dirisha la mtu asiyejiweza vipangwe hapohapo. Makanisa na misikiti, yenye vikundi vya kutembelea wagonjwa mwaka mzima, yapewe nakala ya orodha hiyo.

Watendaji wapo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa nao 137,294 nchi nzima. Wahudumu wa nyanda za juu wapewe kazi mahususi ya kipupwe: kuhesabu pumzi, kupima joto la vichanga, kukagua jiko linalala wapi. Zahanati nazo zihakikishe kabla ya Juni kwamba amoksilini ya watoto ipo, na vituo vya afya vihakikishe mitungi ya oksijeni imejaa, si kuagiza wodi ikishafurika.

Gharama ya hayo ni ndogo kuliko jeneza moja. Mwenyekiti wa kitongoji ambaye Julai inamkuta hana orodha hawezi kusema alishtukizwa, na sisi majirani hatuwezi kumsukumia yeye peke yake. Usiku wa leo, kabla hujalala, toa jiko nje. Kesho asubuhi, pita kwa yule mzee unayemjua, umgonge mlango, na usiondoke mpaka akufungulie.